Kuezeka Bila Kuezua

Vijana wa kijiwe cha mafundi pale Kibiti mmeniomba niandike niliyoyaona juu ya mapaa, nami nimekubali kwa sharti moja: asije mtu kuniuliza vyeo. Fundi wa paa hana cheo. Akiwa juu kabisa ndiyo yuko juu kabisa, na kinachofuata hapo ni kushuka, ama kwa ngazi ama kwa njia nyingine. Mimi nimeshuka kwa ngazi. Magoti yaligoma kabla ya mikono, nikaona nisiwasumbue wajukuu kuja kuniokota vipande.

Nimejaribu kuhesabu mapaa niliyoezeka, nikapata mia tatu na kumi na mbili. Nikahesabu tena, nikapata mia tatu na tisa. Yale matatu nadhani yaliondoka na upepo, na wenyewe hawajanitafuta, kwa hiyo tuendelee.

Aliyenifundisha ni Fundi Kisoma, mtu wa Ngarambe, mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Alianzia kwenye makuti, akahamia kwenye bati bila kulipenda. "Kuti likichoka linakwambia," alikuwa akisema. "Bati linakaa kimya mpaka siku umevaa kanzu nyeupe." Siku yangu ya kwanza alinipandisha juu ya nyumba ya mzee mmoja pale Kibiti mjini, akanionya nikanyage kwenye mistari ya misumari tu, maana chini ya misumari ndiko iliko papi, ule ubao mwembamba unaobeba bati. Mimi nikaona njia ya mkato. Mguu wa kulia ukazama mpaka pajani, nikabaki nimekaa juu ya bati kama mtu aliyepanda baiskeli isiyoonekana. Mwenye nyumba alikuwa chini anakula. Wala hakushtuka. Nikamsikia anasema, "Mguu, karibu chakula. Mwenzio mbona kachelewa?"

Fundi Kisoma hakunivuta. Alikuja akachuchumaa kwenye mstari wa misumari, akawasha sigara yake, akanipa somo la siku nzima nikiwa mle mle. Mengi nimeyasahau kwa sababu ya maumivu. Moja nalikumbuka. Alisema, "Paa likivuja, mwenye nyumba atakuonyesha linapovuja hata usipomuuliza. Wewe uliza nani anataka lisivuje, na nani analiombea livuje zaidi." Nikadhani ni maneno ya mtu anayetaka kumaliza sigara. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa ananipa nusu ya kazi.

Nusu nyingine nitawapa mimi bure, maana sasa sina mshindani. Swali mtakaloulizwa mpaka mzeeke ni moja: tuzibe au tuezue? Yaani tuweke viraka, au tung'oe bati lote tuanze upya. Mteja anayeuliza hivyo ameshaamua kuziba, anatafuta mtu wa kumlaumu baadaye. Msijibu mkiwa chini. Pandeni. Bonyezeni bati kwa dole gumba pembeni ya kichwa cha msumari. Likiitika kama bati, lina maisha. Likibonyea kama biskuti iliyolowa chai, hapo hata ukiweka kiraka utakuwa umeshona shati kwenye moshi. Halafu gongeni kenchi, zile boriti zinazobeba paa, kwa mpini wa nyundo. Mti mzima unasema "ko!" Mti ulioliwa unasema "pu," na ukisema "pu" shukeni kwanza, mengine mtazungumzia chini. Mwisho hesabuni matundu mara mbili, ndani wakati wa jua na nje wakati wowote. Hesabu mbili zisipolingana, msichukue ya katikati. Tafuteni kwa nini.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafanya kila siku, na kila siku yalitosha, mpaka nilipoitwa kwa Bi Tatu.

Bi Tatu anakaa katika kitongoji kimoja cha ng'ambo ya mto, upande wa Mbuchi. Mumewe, Mzee Mkwaya, alifariki muda si mrefu kabla ya masika, Mungu amrehemu. Bi Tatu akakaa eda, na eda ya mjane mnaijua: miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani kwake ila kwa dharura, wala hakai na wanaume wasiomhusu. Nyumba yenyewe waliijenga wao wawili kwa mikono yao. Kenchi za mkoko, kuta za udongo zilizopigwa lipu, na bati lililokuwa likinywa upepo wa chumvi tangu Mzee Mkwaya ana nywele. Hawakujaliwa mtoto, wala hapakuwa na karatasi yoyote. Ushahidi pekee kwamba nyumba ile ni ya Bi Tatu ulikuwa ni Bi Tatu mwenyewe, amekaa ndani.

Na palikuwa na Shamte. Shamte ni mdogo wa marehemu, mnunuzi wa kamba, hawa wanaovuliwa, mtu mcheshi, mwenye friza la sola analolisifia kuliko watoto wake. Nyumba ya Bi Tatu iko karibu na diko, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Hatua thelathini kwenda na thelathini na mbili kurudi, maana kurudi kuna tope. Kwa mtu mwenye friza, hapo ni Kariakoo.

Shamte akaanza kuja kila siku kumhurumia. "Shemeji, paa hili linavuja. Masika yakianza litakuangukia. Njoo umalizie eda kwangu, wifi yako atakupikia." Maneno matamu kabisa. Tatizo ni kwamba siku moja alikuja na futi. Bi Tatu akiwa nyuma ya pazia alimsikia anapima mlango wa mbele na kujisemea, "Sentimita tisini. Linapita."

Baadaye Bi Tatu aliniambia, "Fundi, mimi si mwembamba, najijua. Lakini hilo linalopita si mimi."

Mnaona shida ilipo. Akihama hata wiki moja, atarudi akute friza limekaa sebuleni, na friza likishakaa mahali, kulitoa ni kesi ya baraza la kata. Akibaki, masika yanamnyeshea kitandani. Wakapelekeana maneno mpaka jambo likafika kwa Mwalimu Athumani, anayefundisha watoto Kurani pale kitongojini. Mwalimu akasema mjane anakaa eda kwenye nyumba ya mumewe, ila nyumba ikiwa haikaliki anaruhusiwa kuhama. Shamte akafurahi. Bi Tatu akauliza kutoka ndani, "Na nani wa kusema haikaliki?" Mwalimu akafikiri, akasema, "Fundi."

Ndiyo nikapigiwa simu mara mbili asubuhi moja. Wa kwanza Shamte. "Fundi, njoo uone paa la shemeji yangu, limekwisha kabisa, yaani ukilitazama tu utaona limekwisha. Kuna ndoo ya kamba inakusubiri, wakubwa wale, wa kuvunja jino." Wa pili Bi Tatu. "Fundi, njoo uone paa langu, lina vitundu viwili vitatu tu. Kuna debe mbili za mchele wa huku." Nikamwambia mchele wa huku najua utamu wake, lakini debe mbili kwa ngazi yote ile? Akasema tatu. Nikasema tatu na jogoo. Akasema jogoo yupo ila ana tabia mbaya. Nikasema tutazungumza naye mwenyewe. Wote wawili niliwaambia nakuja, na lilikuwa neno la kweli.

Nikatoka Kibiti kwa bodaboda mpaka Nyamisati, ngazi imelazwa mabegani kwangu na kwa dereva kama jeneza, watu njiani wanatupisha na kutuombea dua. Nyamisati nikapanda boti. Nikafika, nikasimamisha ngazi, na hapo ugumu wa kwanza ukajitokeza. Ndani siwezi kuingia na Bi Tatu hawezi kutoka. Sasa matundu ya ndani nitayahesabu vipi?

Akanipigia simu nikiwa juu ya bati lake. Nikawa namsikia mara mbili, mara moja kwenye simu na mara moja kwenye tundu.

"Fundi, hapo ulipokaa ni juu ya kitanda changu. Sogea, si adabu."

Nikasogea.

"Sasa sikiliza. Nina ufagio wa chelewa na nina upondo wa mtumbwi wa marehemu. Nafunga chelewa moja kwenye ncha ya upondo, naichomeka kwenye tundu, wewe unaivuta kidogo inabaki imesimama. Tunakwenda tundu kwa tundu. Umenielewa?"

Nilielewa. Katika miaka yangu yote sijawahi kumsikia fundi akitoa wazo zuri kama lile, na hapa lilikuwa linatoka kwa mtu aliyesimama juu ya kinu ili afikie bati. Tukaanza. Njiti moja inachomoza huku, nyingine kule, na mimi natambaa kwenye misumari kuzishika. Mpaka adhuhuri paa lilikuwa kama nungunungu aliyetukanwa. Watoto wa chuo cha Kurani waliotoka kusoma wakasimama kutazama, mmoja akauliza kama nyumba inaota ndevu.

Nikahesabu. Arubaini na moja.

"Arubaini na tatu," akasema Bi Tatu kwenye simu na kwenye tundu.

Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Arubaini na moja. Nikamwambia labda amekosea.

"Fundi, mimi chelewa za ufagio nimezihesabu kabla sijaufungua, na zilizobaki nimezihesabu baada. Wewe umehesabu nini?"

Kabla sijajibu, kunguru akatua mbele yangu bila hata hodi, akang'oa chelewa moja, akaniangalia, akaondoka nayo kuelekea mnazi wa jirani. Ukiangalia vizuri kiota chake kilikuwa kinaendelea kujengwa. Nikasema, "Bi Tatu, arubaini na tatu. Mbili alishazichukua fundi mwenzangu."

Matundu arubaini na matatu, na kila nilipobonyeza, biskuti. Lile paa halikuwa la kuziba. Kenchi nikazigonga moja moja, na zote zikasema "ko!" kwa sauti ya ujana. Mkoko wa zamani ule, umemzika Mzee Mkwaya, utamzika Shamte na mimi, na utabaki. Kwa hiyo hukumu ya fundi ilikuwa wazi: mifupa mizima, ngozi imekwisha, ezua uezeke upya. Na hukumu hiyo ndiyo ingemtoa Bi Tatu mlangoni, kwa sababu nyumba ikiezuliwa ni ua tu wenye kuta ndefu. Nikisema ziba, nimesema uongo, na uongo wa fundi wa paa hauna maisha marefu. Unaishi mpaka mvua ya kwanza.

Nikakaa kule juu nikitafuta neno. Bi Tatu naye alikuwa anatafuta.

"Fundi, mabati ninayo."

"Yako wapi?"

"Chini ya kitanda. Marehemu alikuwa akienda Kibiti anarudi na moja. Kila nikimwambia tuezeke, anasema yatimie kwanza. Yako ishirini na mawili."

"Paa lako linakula ishirini na manne."

"Ndiyo maana alikuwa hajaezeka."

Basi nikashuka. Barazani walishakusanyika: Shamte kwenye kigoda, Mwalimu Athumani kwenye mkeka, na dirisha la Bi Tatu limefunguliwa kiasi cha kupitisha sauti. Ndoo ya kamba ilikuwa palepale, imefunikwa jani la mgomba.

"Haya fundi, sema kweli ya Mungu," akaanza Shamte. "Bati lile ni zima?"

"Si zima."

"Linazibika?"

"Halizibiki."

"Alhamdulil... maskini shemeji," akasema Shamte. "Basi ndiyo hivyo. Linaezuliwa, shemeji anahamia kwangu, tutambeba na vyombo vyake."

"Sijasema linaezuliwa," nikasema. "Nimesema halizibiki. Litaezekwa."

"Si ndiyo hilo hilo?"

"Kuezua ni kutoa na kuezeka ni kuweka. Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha, kutoa na kuweka ni kitu kimoja?"

Mwalimu akasema, kwa uzito wa mtu anayejua kwamba jibu lake litarudiwa dikoni, "Hapana. Hata kwenye hesabu si kitu kimoja."

Shamte akacheka mpaka kigoda kikalia. "Jamani fundi! Utaezekaje bila kuezua? Mtu atavaaje kanzu mpya hajavua ya zamani?"

"Watu huvaa koti juu ya kanzu," nikasema.

Sauti ikatoka dirishani, tulivu kama ya karani. "Shemeji, sikiliza mbele ya Mwalimu. Fundi akiezua bati moja, moja tu, nahama siku hiyo hiyo, na mlango umeshaupima. Asipoezua hata moja, namalizia eda yangu hapa, na hutarudi hapa na futi. Umekubali?"

Shamte akaniangalia, akaangalia paa, akaona hakuna njia ya kushindwa. "Nimekubali." Tukapeana mikono, Mwalimu akaweka wa kwake juu. Kisha Shamte akanisukumia ndoo ya kamba na kunikonyeza. Nikapokea. Kamba hawana kosa.

Nilirudi baada ya siku nne na papi mpya na misumari ya inchi nne. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza, ngumu kwenye magoti. Unalaza papi mpya juu ya bati lile lile la zamani, kwenye mstari wa misumari yake, unapigilia mpaka msumari uingie kwenye kenchi chini. Unafanya hivyo mstari kwa mstari mpaka kileleni. Halafu mabati mapya yanakaa juu ya papi mpya. Paa juu ya paa. Mabati niliyapokea dirishani, Bi Tatu anayasukuma kutoka ndani, mimi navuta kutoka nje, na kila moja nikiliinua nasikia kutoka ndani, "La kwanza. La pili." Shamte alileta kiti chake na kukiweka katikati ya ua, na mfuko wa korosho. Alikuja kulinda mabati ya zamani. Naweza kuapa kwamba katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuyapenda mabati yenye kutu kama yule.

"Fundi! Hilo limetikisika!"

"Limetikisika, halijatoka."

"Fundi! Hapo umeshika nini?"

"Jasho langu."

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili nikafika kileleni, na kileleni kuna kile kipande kilichokunjwa kinachofunika pale pande mbili za paa zinapokutana. Ninyi mafundi mnajua kinaitwaje. Nacho lazima kitoke, vinginevyo pande mpya hazikutani. Nikaingiza makucha ya nyundo, nikakwanyua, kikalia "krrr."

Shamte aliruka mpaka korosho zikamwagika. "Ameezua! Ameezua! Mwalimu! Njooni mshuhudie, ameezua! Shemeji, funga mizigo!"

Watu wakaja. Watu wa kitongoji kile wana kazi zao, lakini hakuna kazi isiyoweza kusubiri jambo kama lile. Mwalimu Athumani akaletwa kutoka chuoni na chaki mkononi. Mimi nilijua kwamba nikishindwa hapo juu, anayehamishwa ni Bi Tatu.

"Mwalimu," akasema Shamte, anahema, "makubaliano ni kwamba akiezua, shemeji anahama. Kitu hicho hapo mkononi mwake! Macho yako yanaona!"

Mwalimu akaweka mkono juu ya macho kukinga jua. "Fundi, hicho ulichotoa ni bati?"

"Kiwandani kimetoka kwenye bati, Mwalimu. Lakini jina lake si bati."

"Jina lake nani?"

Nikakiinua juu, kimekunjika, kimeoza, watu wote wakione. "Kofia."

"Uongo!" akasema Shamte.

"Muulize fundi yeyote kuanzia hapa mpaka Mbagala. Nenda dukani Kibiti, sema nipe bati, utapewa bati. Sema nipe kofia, utapewa hii."

Mzee mmoja fundi wa mitumbwi akasema ni kweli, inaitwa kofia. Mama mmoja akasema hata yeye alinunua kofia tatu za nyumba yake. Mwalimu akainama, akachora kitu kwa chaki kwenye kiganja chake, sijui nini, nadhani alikuwa anapoteza muda ili apate sentensi nzuri. Kisha akainua kichwa.

"Shamte, ndugu yangu. Mtu akivua kofia, amevua nguo?"

Kicheko kilichotoka pale kilimrusha kunguru kiotani. Shamte mwenyewe alijikaza, akajikaza, akashindwa, akacheka kwa pua. Kutoka ndani sikusikia kicheko. Nilisikia kitu kikigongwa mara moja chini ya miguu yangu, upondo kwenye bati, "ko!" Nikaendelea na kazi.

Yakabaki yale mabati mawili yaliyokosekana. Nikampigia simu nikamwambia mabati yamekwisha na upande wa barazani uko wazi, yaani umebaki na paa la zamani peke yake. Akauliza, "Barazani ndipo anapokaa shemeji akija?"

"Ndipo hapo."

"Basi liache hivyo hivyo."

Masika yakaingia wiki iliyofuata, na mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua mchele wangu na jogoo, ambaye kweli alikuwa na tabia mbaya. Mvua ilipoanza kupiga, Shamte akaja na mwavuli, na Mwalimu nyuma yake, eti kumjulia hali mjane. Akakaa barazani. Dakika ya kwanza, tone likampata shingoni. Akasimama kwa furaha.

"Linavuja! Mwalimu, linavuja!"

"Hapa ni baraza," Mwalimu akasema huku akijisogeza. "Eda iko ndani."

Bi Tatu akasema kutoka nyuma ya pazia, "Karibuni sebuleni, mtalowa."

Tukaingia na Mwalimu, pazia likiwa kati yetu na Bi Tatu. Sasa lazima mwelewe kilichokuwa mle. Paa la zamani lilikuwa palepale, na matundu yake yote arubaini na matatu, meusi, kama chujio la nazi. Papi zangu na mabati mapya hayaonekani kwa chini. Nje mvua inapiga kishindo cha kutoa meno. Shamte alitazama juu, akaona alichokuwa akikingojea, akavuta kiti mpaka chini ya tundu kubwa kuliko yote, akafungua mwavuli, akakaa chini yake akasubiri.

Tukanywa chai. Mwalimu akamaliza kikombe. Mimi nikamaliza viwili. Shamte hakuweza kunywa kwa sababu mkono mmoja ulishika mwavuli na mwingine alikuwa ameutoa nje ya mwavuli, kiganja juu, kama anayeomba. Hakikudondoka kitu. Radi ikapiga. Hakikudondoka kitu.

"Shemeji," pazia likasema, "kwani humu ndani kuna jua?"

Mvua ilipopungua Shamte akainuka, akafunga mwavuli, na kwa mazoea akaukung'uta. Ulikuwa mkavu. Akautazama muda mrefu. "Maji yanakwenda wapi?" akaniuliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

Bi Tatu alimaliza eda yake yote mle ndani. Siku ya kutoka nilialikwa, nikaenda bila ngazi. Alioga, akavaa kanga mpya, akasomewa dua, akatoka kwa mlango ule wa sentimita tisini. Sisi tukadhani atazunguka nyumba aone paa lake kwa nje. Hakulitazama hata mara moja. Alipita moja kwa moja na tope lote mpaka nyumbani kwa Shamte, sisi tukimfuata kama maharusi, akapiga hodi, akaingia, akamsalimia wifi yake, akaomba maji ya kunywa. Halafu akainua macho.

Friza lilikuwa sebuleni, limefunikwa turubai. Juu ya turubai palikuwa na beseni. Ndani ya beseni, maji. Na juu ya beseni, kwenye bati la Shamte, palikuwa na mwanga unaoingia mahali ambapo mwanga hauna ruhusa. Nikahesabu matundu bila kutaka. Kumi na saba, halafu kumi na tisa.

"Shemeji," akasema Bi Tatu kwa huruma nyingi, "hii nyumba haikaliki. Itakuangukia wewe na watoto. Njooni mhamie kwangu kwa muda, nafasi ipo."

Wifi mtu aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. Shamte akamwangalia Mwalimu, Mwalimu akaangalia beseni. Ndipo akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya mteja kabisa, ile ya mtu anayetafuta wa kumlaumu baadaye.

"Fundi, na hili? Tuzibe?"

Nikapanda juu ya kigoda, nikabonyeza kwa dole gumba. Biskuti.

"Hili ni la kuezua," nikamwambia. "Lote. Tena likamuliwe chai kwanza."